Mjusi Aliyejifanya Mkia

Paka Shume alikuwa mkali, na kufikiri hakukupenda. Alijua jambo moja tu: kinachotikisika ndicho chenye uhai, kirukie.

Siku moja alimbana Mjusi ukutani, akamnasa mkia kwa ukucha. Mkia ukakatika, ukaanguka sakafuni ukirukaruka. Mjusi akaganda tuli karibu na ufa, maana angesogea tu, angeliwa.

Paka akatazama chini, akatazama ukutani. "Ebo! Mjusi ni yupi hapa?"

"Si ndiye huyo anayeruka, bwana mkubwa," Mjusi akajibu. "Mimi ni mkia wake."

"Mkia gani una kichwa?"

"Kwani panya unamkamata kwa kumkagua kichwa? Mishipa ya fahamu ikituma ujumbe, misuli ikakaza na kulegea, huo ndio uzima. Mwenzangu anavyo vyote, si unamwona?"

"Lakini wewe unasema!"

"Nasema, ndiyo. Nimetikisika?"

Paka akajikuna sikio. Kweli, hajatikisika. Kichwa kikamzunguka, na kilipomzidia akaurukia mkia, akaupiga makofi mpaka misuli ya mkia ikachoka, ukatulia. Akainua uso kwa majivuno. Ukutani hapakuwa na kitu.

"We mkia! Toka huko ufichoni, mjusi mwenyewe nimeshamuua!"

Sauti ikatoka ndani ya ufa. "Nimesikia, bwana mkubwa. Nisubiri hapo hapo, niote mjusi mwingine."

Paka Shume akaona ni neno la haki, akaketi kusubiri.