Bonge na Vitu Vilivyofungwa

Jirani anaapa kuwa marehemu amerudi. Eti alikuwa anafua uani, mchana kweupe, akasikia kabati lake likigongwa kutoka ndani. Akatoka mbio, mikono imejaa povu.

Hakuwa marehemu. Alikuwa Bonge, mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Alikuwa amesimama mbele ya kabati: anagonga, anabandika sikio, anagonga tena.

Tangu mama yake azikwe, Bonge aligonga kila kilichofungwa. Milango, masanduku, hata friji.

Mwenye nyumba waliyopanga alimwita dada yake Bonge pembeni. "Akigonga kwa watu tena, mnahama. Au mfungie ndani."

Dada akamtafutia mshauri nasaha. Wa kwanza alimtupia Bonge jicho moja tu. "Tiba ya mazungumzo ni ya wanaoelewa, dada yangu."

Wa pili alikuwa mwanamke mpole. Alitandaza picha mezani, akasema maneno machache machache, akasubiri jibu bila kutazama saa. Kisha akamuuliza dada, "Siku ya msiba mlimwambia nini?"

"Kwamba mama amelala. Angeelewa nini kingine?"

"Basi ndiyo maana anamwamsha. Tumwambie ukweli."

Wakaanza. Kila wiki picha zilezile: kuku anadonoa, kuku amekufa. Bonge alisinzia, akanuna, akauliza kama kuku huyo ana supu. Mshauri alirudia bila kuchoka. Mpaka siku moja Bonge akaanza kujibu.

"Aliyekufa anakula?"

"Hali."

"Anapumua?"

"Hapumui. Na chai hanywi," Bonge akaongeza. Wote wakacheka.

"Anagonga?"

Bonge akaacha kucheka. "Aliyekufa hagongi?"

"Hagongi, kaka," mshauri akasema. "Hawezi."

"Hawezi kabisa?"

"Kabisa."

Dada alishusha pumzi. Hatimaye somo limemwingia. Hawatahama, na hatamfungia mtu ndani.

Bonge aliitazama picha ya kuku aliyekufa, kisha akaisukuma kwa mshauri, taratibu, kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake.

"Basi mama hakufa," akasema. "Mama aligonga. Kwenye jeneza, watu wakiwa nje. Nilikwambia, dada. Ukasema nyamaza, mama amelala."

Mshauri akamgeukia dada. Dada hakuinua macho.

Bonge alikuwa ameshasimama, amemshika mkono, anamvuta kuelekea mlangoni.

"Twende tukamfungulie, dada. Twende."