Uzio wa Nyegere

Enyi kusanyiko, wakubwa kwa wadogo, nyamazeni mkasikilize, kwa maana neno hili ni la uzima wenu.

Nungunungu mdogo alipenda asali, naye Nyegere aliiuza: tone moja kwa mwiba mmoja. Kila asubuhi kijana aling'oa mwiba, akalamba tone lake, akaenda zake akiimba.

"Mwanangu, unajiuza," mama yake alimwonya.

"Ni mwiba mmoja tu, mama. Kwa mgongo wote huu, nani atajua umepungua?"

"Fisi atajua."

Ikawa siku moja Fisi akamvamia njiani. Kijana akautikisa mgongo ili miiba ilie, lakini haukutoa sauti, kwa maana ulikuwa mtupu, laini kama yai. Akakimbilia kwa Nyegere, akaukuta mlango umezungushiwa uzio wa miiba, yote ya mgongo wake mwenyewe.

"Nifungulie, mjomba, nakufa."

"Uzio ni imara, mpwa wangu," Nyegere akajibu kutoka ndani. "Sijapata kununua kitu chema kwa bei ndogo hivi."

Fisi alipofumbua kinywa, mama akatokea, akamwendea Fisi kinyumenyume kwa miiba yake yote, hata Fisi akatoroka akilia. Kisha akamkumbatia mwanawe.

"Itaota tena," akamwambia, "lakini polepole, kama ulivyoitoa."

Basi, enyi watoto, kabla hamjatoa kidogo cha leo, kumbukeni kidogo cha jana na cha juzi. Geukeni sasa, wakati mgongo wenu ungali na miiba.