Picha ya Majaribio

Kisu kilikuwa ndani ya begi la mtoto, kimelala kati ya dubu wa kuchezea na jozi ya viatu, na mkaguzi hakushtuka. Alibonyeza kitufe chekundu. Skrini ikaandika: HONGERA, HII NI PICHA YA MAJARIBIO. Kisu kikatoweka, dubu akabaki na viatu vyake, mkanda ukaendelea kutembea.

Ndivyo zilivyo mashine za uwanja ule wa ndege. Mara kwa mara, bila kubisha hodi, zinachomeka picha ya silaha kwenye begi la mtu asiye na hatia, kumpima aliyekaa mbele ya skrini kama macho yake yako kazini au yamekwenda kutembea. Ukiiona ukabonyeza, unapongezwa. Ikikupita, habari zako zinafika kwa mkubwa. Na za mkaguzi huyu zilikuwa zimefika mara mbili mwezi huo.

"Ya tatu sitakutetea," msimamizi alikuwa amemwambia. "Utarudisha sare."

Huyo msimamizi wenzake walimwita Chapuchapu, kwa kuwa hakujua neno jingine. Anataka uangalie kila begi kama unatafuta sindano, na papo hapo anataka foleni iende. Mtu wa namna hiyo umfanyeje? Mkaguzi alikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni, na sare ile ndiyo iliyokuwa baba yao. Alikaza macho.

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa imefika hadi mlango wa nje. Watu walivua mikanda huku wananung'unika, wengine wameshikilia suruali zisianguke.

"Viatu nivue, saa nivue, mkanda nivue," alisema mzee mmoja mwenye tai. "Mnakagua mpaka dhambi, mama?"

"Dhambi inapita, baba. Ni chupa ya maji tu isiyopita," mkaguzi alimjibu bila kugeuza shingo, na waliokuwa karibu wakacheka kidogo. Kicheko hakikudumu. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma ya mzee alianza kulia kwa hasira, kwamba ndege yake inaondoka na hakuna anayejali.

Mwishowe Chapuchapu akafungua mashine ya pili. Nusu ya foleni ikakimbilia huko, mizigo inagongana. Mtu mmoja hakuhama. Alisimama pale pale, begi mkononi, kijasho chembamba kikimtoka, wala halalamiki kama wenzake. Mkaguzi alipomtazama vizuri akaona ni mdogo wake, kitindamimba wao.

Moyo ukamlainika. Jana yake kijana alikuwa amempigia simu. "Dada, kesho unakaa mashine ya ngapi? Nasafiri asubuhi, nataka nikuone kwanza." Mke wake alikuwa amemkimbia, amekwenda kuishi na mwanaume mwingine huko huko ndege ile inakokwenda, na tangu hapo kijana alikuwa halali, hali, haongei na mtu. Sasa, alisema, anakwenda kuonana nao, wakae chini wayazungumze kama watu wazima.

Dada mtu alimshukuru Mungu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba kijana huyu mgongoni, naye mwenyewe bado mtoto. Akilia, anabebwa. Akitaka, anapewa. Mashangazi walisema sana kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini mashangazi wana maneno mengi.

Begi la mdogo wake likapanda mkandani. Mkaguzi akamtupia tabasamu, yeye hakulirudisha. Dada mtu akayarudisha macho kwenye skrini.

Bastola. Ilikuwa chini ya mashati, mdomo umeelekea kulia, imetulia wazi kabisa.

Nusura acheke. Kweli mashine ile haina haya. Juzi ilimtilia mtawa bomu la mkono, leo imeona isimwache hata ndugu yake wa tumbo moja. Na lau si kwa kukaza macho ingempita, maana nani angempekua kwa makini mtu aliyemwogesha kwa mikono yake? Hapo ndipo ilipotaka kumnasa. Jasho likamtoka mgongoni kwa kufikiria tu.

"Kuna nini hapo?" Chapuchapu aliita kutoka mashine ya pili. "Chapuchapu, mama, watu wanachelewa."

Alinyanyua uso. Kule upande wa pili, mbele ya mlango wa kukagulia, mdogo wake alikuwa anamtazama machoni. Alitikisa kichwa polepole. Maskini, foleni imemchosha, mkaguzi akawaza. Ngoja kidogo tu, mdogo wangu, sasa hivi unapita.

Jioni angewahadithia watoto: leo nimemkamata mjomba wenu na bastola. Wangecheka mpaka washike mbavu. Na sare ingebaki mwilini, na ada ya shule ingelipwa, na Chapuchapu angetafuta mwingine wa kumtisha. Ilikuwa muda mrefu hajasikia raha ya namna ile kifuani.

Alibonyeza kitufe chekundu, akangoja hongera yake.

Skrini haikuandika kitu. Mkanda ulisimama, taa ikawaka juu ya kichwa chake, na walinzi wawili wakaanza kukimbia kuelekea pale alipokuwa mdogo wake, ambaye bado alikuwa anatikisa kichwa.