Mpangaji wa Chumba Kidogo

"Naomba useme kweli," Bwana Pask wa halmashauri alisema, amesimama mlangoni mwa chumba kidogo kama mtu anayepima jeneza. "Mpangaji wako analala humu?"

"Ulitaka alale kwenye beseni?" Glenda akamjibu kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

Chumba kikubwa kilikuwa kimejaa kitanda chake cha hospitali na mtambo wa kumnyanyulia. Hapakubaki pa kuweka hata stuli. Lakini wakubwa kule London walishapitisha sheria: ukiwa na chumba cha ziada, ruzuku yako ya pango inakatwa. Viungo vya Glenda vilianza kufa kabla baadhi yao hawajaota ndevu, na majina ya waliopiga kura ya ndiyo alikuwa nayo kichwani, mmoja mmoja. Siku hizi hakukasirika tena. Aliyataja tu kimoyomoyo, kama mtu anayehesabu mbao za dari.

"Kuna jirani katupigia simu," Pask alisema. "Anadai nyinyi ni wapenzi. Wapenzi tunawahesabia chumba kimoja. Ikiwa ni kweli, tunakata. Ukishindwa kufidia, nyumba utaiacha."

"Mimi na huyo?" Glenda akacheka kwa pua. "Anakoroma kama trekta. Mwambie huyo jirani nampa bure, aje na toroli."

Alec, mpangaji mwenye mvi, akatoka jikoni na chai. Pask alikuwa ameulizwa anaipendaje: maziwa kiasi gani, sukari vijiko vingapi. Glenda hakuulizwa. Alec akamwekea kikombe mbele yake, akaugeuza mrija upande wa kushoto, ambako midomo yake bado inashika.

Pask akaacha kuandika.

Mji mzima wa Hartlepool hakuna anayekumiminia chai bila kukuuliza, ila wa nyumbani mwako.

Glenda akavuta funda moja. Tamu.

"Sukari tena!" akafoka, akakipiga kikombe kwa kiwiko, chai ikamwagikia zulia. "Miezi yote hii, mzee mzima, hujajua kwamba situmii sukari? Una kichwa au boga?"

"Samahani, Bi Glenda."

"Samahani yako nitainywa? Futa!"

Alec akapiga magoti, akafuta. Hakuinua uso. Pask alimtazama yeye, akamtazama Glenda, kisha akachomeka kalamu mfukoni.

"Basi. Ruzuku yako haitaguswa," akasema, akaaga.

Mlango ulipofungwa, wote wawili walibaki vilevile, mmoja kitini, mmoja sakafuni. Simu ya Alec ikaita.

"Imepita, Janine," akasema. "Ile talaka imefanya kazi, mwanangu. Wameamini kwamba mimi na mama yako hatupendani."