Vitenzi vya Baba Mkamburi

Gari la angani lilikuwa limeshaivuka mikonge ya Mwatate, likimpeleka Wakesho kwenye mtihani wa kazi akiwa na Kiingereza chote cha babu yake kichwani. Zama hizo elimu haikufundishwa tena, ilihamishwa: wawili walivaa kofia, na kilichoingia kwa mmoja kilimtoka mwenzake.

Bibi yake Wakesho, Mama Mkamburi, alibaki uwanjani na mumewe, Mwakio, babu huyo, aliyeonekana mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

“Umempa vyote?”

“Nomino, vivumishi, vitenzi na nyakati zake. Uzee huu mimi navitakia nini?”

Mama Mkamburi akacheka, akaanza ule wimbo wao wa vitenzi. “Go, went...” Akasubiri mumewe amalizie.

“Wimbo gani huo, mama?”

“Usinitanie, Baba Mkamburi. Si ndio tuliouimba darasa la jioni, mimi na gauni langu la manjano, ukawa unakosea makusudi ili mwalimu akuhamishie kwenye dawati langu?”

“Darasa gani?” Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni. “Najua wewe ni mke wangu. Tulikutana wapi vile?”

Mama Mkamburi alimshika mkono wakarudi nyumbani taratibu.

Wakesho alifaulu, akaajiriwa mbali. Aliandika kwamba kila asomapo kitenzi humwona msichana wa gauni la manjano akicheka, wala hamjui. Mwakio aliishi miaka mingi zaidi, akilala vizuri. Jioni zote Mama Mkamburi alimsimulia jinsi walivyopatana. Mwakio alisikiliza kwa makini, akasema watu hao walipendana kweli, kisha akauliza kama bado wako hai.