Ngazi

Riziki alikuwa akimsuka nywele Tausi, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu mtoto huyo alipofiwa na mama. Kaka yake alikuwa ameoa tena, na leo alikuja kumchukua binti yake.

Tausi hakuweza kutamka shangazi. Tangu aanze kusema alimwita Riziki "Ngazi," na majirani walimtania: "Ngazi, njoo tukupande tuezeke paa!" Riziki alicheka nao. Hakumsahihisha mtoto hata mara moja.

"Mkubwa hivi, dada, bado anasema kitoto?" kaka yake alisema. Akachutama mbele ya binti yake. "Mwanangu, sema sha-nga-zi."

"Ngazi."

"Polepole. Sha."

"Sha," alisema Tausi, akiuangalia mdomo wa baba yake. "Sha... ngazi. Shangazi!"

Baba akapiga makofi. "Umesikia, dada? Haya, maliza kusuka tuondoke."

"Shangazi!" mtoto aliita kwa furaha. "Shangazi, nimeweza!"

Riziki alitazama mlangoni, kama aliyedhani ameitwa mtu mwingine. Msuko wa mwisho ulikuwa umekwisha. Akaufumua taratibu, akaanza kuusuka upya.