Kofia za Kuziba Masikio

Mwalimu Gwakisa alibwaga mezani kwa Bi Sekela, mshonaji, kofia alizowavua wanafunzi wake, kofia nzito za kitambaa cha blanketi zenye vifuniko vya masikio.

"Vikate hivi vifuniko, mama. Watoto hawanisikii."

Baridi ilikuwa kisingizio tu cha kofia hizo. Sekela alianza kuzishona siku mjukuu wake aliporudi kutoka shuleni sikio limevimba, lina alama za kucha.

"Keti kwanza nikupime na wewe," Sekela alimwambia mwalimu.

Mwalimu akacheka, akaketi. Sekela akamzungushia utepe kichwani, kisha akalikamata sikio lake kwa vidole vilivyokomaa kwa kuvuta sindano, akalisokota.

"Mimi unanisikia, mwalimu?"

Mlangoni, watoto waliofuata kofia zao walisimama vichwa wazi, mikono masikioni.